Chini ya Mretemu

(Mazungumzo ya redio, yamechapwa hapa kwa ombi la wasikilizaji. Masomo: 1 Wafalme 19:1–8, Zaburi 120, Ayubu 30:1–8.)

Kama Biblia iko karibu nawe, ifungue katika kitabu cha Wafalme wa Kwanza, mlango wa 19. Kama haiko, au macho hayaoni vizuri, usijali. Nitakusimulia.

Juma lililopita tulimwacha nabii Eliya mlimani Karmeli. Moto ulikuwa umeshuka, manabii wa Baali wameshindwa, na mvua imeinyeshea nchi iliyokauka miaka mitatu. Mtu angetazamia kumkuta leo akiimba. Lakini Yezebeli, mke wa mfalme, alimtumia mjumbe na neno fupi, kwamba kufikia kesho wakati kama huu atakuwa maiti. Basi Eliya akakimbia. Alitoka upande wa Yezreeli mpaka Beer-sheba, na mwendo huo hupita kilomita 140 hata ukipimwa kama ndege arukavyo. Huko akamwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, akaketi chini ya mti mmoja, akamwomba Mungu amchukue. Alisema imetosha.

Mti wenyewe ni upi? Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Union iliyotoka mwaka wa 1952, yasema ni mretemu. Nami nakiri mbele yenu kwamba nimehubiri juu ya habari hii pengine mara ishirini tangu nitoke chuoni, na kwa miaka mingi nililipita neno hilo kama mtu anavyolipita jiwe lililo kando ya njia. Mpaka siku moja, katika darasa la kipaimara, msichana mmoja mdogo aliinua mkono akauliza, "Mchungaji, mretemu ni mti gani? Uko hapa kwetu?" Nilikohoa. Nikasema nitamjibu Jumapili ijayo. Ilinichukua zaidi ya Jumapili moja, na mnayoyasikia leo ni malipo ya deni lile.

Haupo kwetu, ndugu zangu. Msiutafute Ukambani wala Turkana. Mretemu ni wa majangwa ya nchi za Biblia: Negebu, Sinai, jangwa la Uyahudi, pande za Arabuni zilizo karibu na hapo, na kuendelea magharibi katika Afrika ya kaskazini. Kwa Kiebrania huitwa rothemu, na Waarabu huuita ratamu. Watafsiri wetu walilichukua jina la Kiebrania kama lilivyo, wakalivisha nguo ya Kiswahili, na nadhani walifanya vema. Wengine hawakufanya hivyo. Hieronimo, aliyetafsiri Maandiko kwa Kilatini miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, aliandika jina la mti mwingine kabisa. Martin Luther akafanya vivyo hivyo kwa Kijerumani, na Waingereza nao katika Biblia yao ya mwaka wa 1611. Jina waliloliweka ni la jamii ya mtarakwa. Sasa, sisi twaujua mtarakwa! Ni mti mrefu wa milima yetu, wa Aberdare na Mau na Mlima Kenya, ule tunaochanja nguzo za ua. Mzee mmoja wa kanisa, aliyesoma Biblia ya Kiingereza maisha yake yote, aliniambia kwamba daima alimwona Eliya moyoni mwake akiwa amekaa msituni, kwenye ubaridi na ukungu. Nikamwambia, la, mzee wangu, msitoe nje kabisa.

Hebu muone mahali penyewe. Beer-sheba hupata mvua kama milimita 200 kwa mwaka, na ukienda kusini hupungua. Ardhi ni mawe, changarawe na mchanga, na kati yake mabonde ya mito mikavu, ile ambayo ndugu zetu wa Marsabit na Isiolo huiita laga. Mwaka mzima laga ni mchanga mtupu. Siku moja maji huja kwa kishindo, hubeba mbuzi na wachungaji wao, kisha hupotea. Kando ya mabonde hayo, na juu ya matuta ya mchanga, ndipo mretemu huota.

Ukiuona kwa mbali waweza kudhani umekufa. Ni kichaka cha kimo cha mtu, mara nyingine kufikia mita 3, na chote ni fito nyembamba za rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu, zimesimama na kuinama kama ufagio uliogeuzwa juu chini. Majani karibu hayapo. Huchipuka madogo sana baada ya mvua, yakaanguka upesi, kwa kuwa jani ni mlango wa kupoteza maji, na mti wa jangwani hauwezi kuacha milango wazi. Basi kazi ya majani imepewa fito. Zenyewe ni kijani, nazo ndizo zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Hata vitundu vyake vya kupumulia vimefichwa ndani ya mifereji midogo iendayo kwa urefu wa fito, yenye vinyweleo, ili upepo mkavu usiifikie hewa yenye unyevu iliyomo.

Chini ya ardhi mizizi huenda kina kirefu sana, mbali kuliko kimo cha kichaka mara nyingi, ikitafuta unyevu ambao jicho halitauona kamwe. Mretemu ni wa jamii moja na maharagwe, kunde na mbaazi zetu, nao kama ndugu zake hao una vijifundo mizizini vyenye bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani na kuilisha ardhi. Kwa hiyo mchanga ulio chini yake huwa na rutuba kidogo kuliko mchanga wa pembeni. Mvua ikinyesha, majani madogo madogo huota pale uvulini kabla ya kwingine, na mizizi hushikilia mchanga usipeperushwe.

Na mwishoni mwa majira ya baridi, kuanzia Januari hivi, kile kichaka kilichoonekana ufagio mkavu hufunikwa maua meupe kuanzia chini mpaka juu, hata fito zisionekane. Yana harufu tamu, na nyuki huja. Baadaye hutoka maganda madogo, kila moja na mbegu moja au mbili tu, zenye ngozi ngumu isiyopenyeka maji upesi. Mbegu haioti mpaka ngozi hiyo ikwaruzwe.

Liko jambo moja ambalo liliponifikia niliweka kitabu chini nikakaa kimya. Mwaka wa 2001 wataalamu waliouchunguza mretemu katika matuta ya mchanga ya Negebu walieleza jinsi unavyopita wakati wa ukame. Matawi ya juu, yale yanayopigwa na jua kali, hujizima. Hayafi. Kazi yake karibu yote husimama tu, kama shamba ambalo mwenyewe amelifunga akaenda kulala. Matawi ya chini, yaliyofunikwa na kivuli cha yale yaliyolala, huendelea na kazi kidogo kidogo na kuulisha mti wote. Ukiyatazama yale ya juu utasema yamekwisha, tafuta panga. Lakini mvua ya kwanza ikinyesha, hayangoji majuma. Ndani ya muda wa siku moja tu yameamka na kuanza kazi tena.

Sasa mnaona aliyekuwa amekaa chini ya mti gani mtu yule aliyedhani amekwisha.

Mwaka wa 1838 mtaalamu wa Biblia kutoka Marekani, Edward Robinson, alisafiri kwa ngamia kupita Sinai mpaka Yerusalemu pamoja na mwenzake Eli Smith, aliyekijua Kiarabu. Aliandika kwamba Waarabu waliowaongoza walipenda kupiga kambi mahali penye mretemu, ili uwakinge upepo wa usiku. Na mchana, walipotangulia mbele ya ngamia, mara kwa mara aliwakuta wameketi au wamelala chini ya kichaka kimoja kujificha jua. Miaka zaidi ya 2,600 ilikuwa imepita tangu Eliya, na desturi ya wasafiri ilikuwa ile ile. Kivuli chake si kizuri. Fito ni nyembamba, jua hupenya, na mtu mzima hana budi kujikunja. Ila pale hakuna kingine. Kiebrania chasema Eliya aliketi chini ya mretemu mmoja, maana yake ulikuwa peke yake. Mmoja tu, na mtu mmoja chini yake. Katika Hesabu 33:18 kiko kituo cha Waisraeli kiitwacho Rithma, na wengi huona kwamba jina hilo limetokana na mti huu. Pale bila shaka ilikuwa mingi. Hajiri naye, alipofukuzwa na maji yakamwishia katika jangwa la Beer-sheba hilo hilo, alimlaza mwanawe chini ya kijiti ambacho Biblia haikukitaja jina. Sitasema ni mretemu. Lakini akina mama mnaonisikiliza mwaweza kuona ni kijiti cha namna gani.

Lakini watu wa jangwani walikuwa na sababu nyingine ya kuupenda mretemu, nayo si kivuli. Ni makaa.

Sisi wa sehemu kavu hatuhitaji kufundishwa tofauti ya makaa na makaa. Mama akienda sokoni huyagonga kwanza, asikie mlio. Makaa ya mti laini huwaka kama karatasi, na kabla ya maharagwe kuiva jiko limejaa majivu. Makaa ya mgunga hukaa. Huko kwao makaa ya mretemu ndiyo mgunga, tena zaidi. Hutengenezwa hasa kwa mizizi na kigogo, maana ndipo mti ulipo mgumu. Henry Baker Tristram, kasisi wa Kanisa letu la Anglikana huko Durham aliyekuwa pia mtaalamu wa ndege na mimea, alitoa mwaka wa 1867 kitabu kikubwa juu ya viumbe vya Biblia. Humo aeleza kwamba Waarabu waling'oa mretemu bila huruma kila ulipopatikana kwa wingi, wakachoma makaa, nayo yaliuzwa Kairo kwa bei ya juu kuliko makaa mengine yote. Nilipoyasoma hayo nilisikia kama nasoma habari za Kitui. Mtu mwenye njaa huchimba hata mzizi ulioshikilia mchanga wa baba yake. Nimewaona wachomaji makaa wakilia njaa kando ya tanuri linalofuka moshi, na sikuwa na neno la kuwakemea.

Makaa haya yana sifa nyingine. Nje huonekana yamezimika, kumbe ndani yanawaka. Walimu wa Kiyahudi wa zamani walikuwa na hadithi juu ya wasafiri waliowasha moto wa mretemu jangwani wakaenda zao, na waliporudi baada ya miezi kumi na miwili wakakuta makaa yangali hai chini ya majivu. Kumi na miwili ni chumvi ya msimulizi, naam. Lakini hakuna aliyetia chumvi namna hiyo juu ya makaa ya mti laini.

Sasa fungua Zaburi 120. Ni wimbo mfupi wa mtu aliyeonewa kwa maneno. Amezungukwa na midomo ya uongo, naye auliza ulimi wa hila utalipwa nini. Jibu linakuja katika mstari wa 4: mishale iliyonolewa, pamoja na makaa ya mretemu. Mtunga zaburi aliyajua makaa yote ya nchi yake, akachagua hayo. Uongo ulioshika moto nao una tabia hiyo hiyo. Waweza kuumwagia maji ya ushahidi, ukatoa mvuke, watu wakasema umezimika. Miezi baadaye mtu akikanyaga majivu, anaungua.

Nalijua hilo. Niruhusuni nilisimulie, sitataja mahali wala mtu.

Mwaka wa 2017 nilikuwa nikihudumu katika parishi moja kavu, ambako tulifanya harambee ya kuezeka kanisa. Mabati yalichelewa. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa, mwenye duka alikuwa akingoja mzigo. Lakini neno likaanza kutembea kwamba Mchungaji amekula mabati. Kwanza lilisemwa kisimani, kisha sokoni, kisha mlangoni mwa kanisa wakati wa kusalimiana. Mabati yakaja, yakapigwa misumari, watu wakakaa chini yake wakati wa mvua, na bado neno likatembea: sasa wakasema yalikuwa zaidi, mengine yako nyumbani kwa wazazi wake. Nikaomba wakaguzi. Wakaja, wakahesabu, haikupungua hata shilingi moja, na barua yao ikasomwa mbele ya washarika wote. Nilidhani yamekwisha. Baada ya miezi kumi hivi, arusini, kijana mmoja aliyekuwa akiongoza sherehe alifanya mzaha juu ya mabati, na hema zima likacheka. Nilicheka pia. Usiku ule sikulala.

Mke wangu alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake. Nikakaa siku tatu bila kula kitu cha maana. Siku ya tatu nikaandika barua kwa Askofu kwamba niondolewe, si parishi ile tu, niondolewe katika huduma. Na kuna jambo ambalo sikuliandika katika barua lakini nilimwambia Mungu, karibu kwa maneno ya Eliya. Sitaki kulipamba. Nilikuwa mchungaji, nilikuwa nimewazika watu na kuwafariji wafiwa, nami nikaomba nisiamke.

Alasiri ile mama mmoja mjane, wa makamo ya mama yangu mzazi, alipiga hodi. Alikuwa na sufuria ya muthokoi imefungwa kwa leso. Aliingia, akaona meza, akaona barua. Hakuuliza.

"Mchungaji, umekula?"

"Sina njaa, mama."

"Sikuuliza kama una njaa." Akapakua. "Kula, mwanangu. Kisha ulale. Mambo ya kanisa yatakukuta hapa hapa."

Akakaa pale kitini mpaka nikamaliza sahani, kama mtu anayemlisha mtoto mwenye homa. Hakuomba, wala hakunisomea neno lolote. Nikalala saa tano mchana na usiku ule wote. Asubuhi alirudi na uji.

Ndipo niliporudi kwenye mlango wa 19 nikaona kitu ambacho mara ishirini zote zile sikukiona. Eliya aliomba kufa, na Mungu hakumjibu ombi lake wala hakumkemea. Hakumkumbusha Karmeli. Hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Swali la kuuliza lilingoja mpaka afike Horebu, majuma mengi baadaye. Kwanza alimwacha alale. Kisha malaika alimgusa akamwambia ale. Na chakula kilikuwa mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji.

Makaa ya nini? Biblia haisemi. Lakini mtu aliye mwendo wa siku moja ndani ya jangwa lile, akiwa chini ya mretemu, huokota kuni za mti gani? Mimi naamini ni makaa yale yale ya Zaburi 120. Yale ambayo mtunga zaburi aliyaona kuwa mfano wa maumivu ya ulimi, hapa yameiva mkate wa mtu aliyekimbia maneno ya Yezebeli. Wabedui hata leo huoka mikate yao juu ya makaa na majivu ya moto, na mwenye kuuonja hufuta majivu kwa mkono kabla ya kumega. Mnakumbuka pia moto wa makaa ule wa pwani ya ziwa, katika Yohana 21, na samaki juu yake na mkate? Petro alikuwa amemkana Bwana kando ya moto wa makaa. Bwana aliyefufuka akawasha mwingine, akawaita waje wale kifungua kinywa, na mazungumzo yakafuata baada ya kula.

Kuhusu kula, niseme neno juu ya Ayubu 30:4, maana najua mtaniandikia. Pale Ayubu asimulia watu fukara waliofukuzwa mijini, na Biblia yetu yasema mizizi ya mretemu ndiyo chakula chao. Mizizi hiyo ni michungu sana, Robinson naye alisema hivyo, na mti huu una sumu ndani yake. Wataalamu wameona kwamba herufi za neno la Kiebrania lililofanywa chakula zaweza pia kusomwa kuwa kujipasha moto, kama zinavyosomwa katika Isaya 47:14. Ikiwa ni hivyo, maskini wale hawakuila mizizi. Waliichoma wasife kwa baridi ya usiku. Mimi naelekea huko. Lakini aliyekwisha kuona watu wakichemsha matunda ya porini mara saba, wakimwaga maji kila mara ili uchungu utoke, hatasema kwa haraka kwamba mtu mwenye njaa hali kitu fulani. Mbuzi hutafuna machipukizi na maua yake, na katika Afrika ya kaskazini na kwa Wabedui sehemu zake zimetumiwa tangu zamani kwa vidonda, homa na hata kisukari. Nasema zimetumiwa, sisemi mzinunue. Ikiwa siku moja mtu atakuja sokoni na chupa akiiita dawa ya mti wa Eliya, tafadhali mwacheni na chupa yake. Eliya aliukalia kivuli chake, hakuunywa.

Sasa nataka kusema na mtu mmoja. Sikujui. Pengine umekaa jikoni moto umezimika, au umeegesha gari mahali penye giza. Umesema imetosha, na hukumaanisha kazi tu. Usiku huu usikae peke yako. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, na nadhani hapo alikosea. Mwite mtu, mwamshe jirani hata kama ni saa nane, mwambie wazi wazi lile unalolifikiri. Nenda hospitali, kumwona daktari kwa ajili ya moyo na akili si upungufu wa imani, kama vile kumwona kwa ajili ya malaria si upungufu wa imani. Nawe uliye jirani, ukiamshwa, usianze na mahubiri. Weka maji motoni.

Mtaniuliza kama uongo ule juu yangu ulikwisha. Haukwisha wote. Nilipohama mwaka wa 2020 palikuwa bado na nyumba mbili tatu ambazo zilinipa mkono bila kunitazama usoni. Barua ile kwa Askofu sikuituma. Yule mama aliikunja akaitia kwenye leso pamoja na sufuria, nami sikumwuliza ameifanyia nini. Nimeambiwa aliwashia jiko.

Turudi kwa Eliya tumalize. Alipokula mara ya kwanza hakuondoka. Angalieni mstari wa 6: alikula, akanywa, akalala tena. Malaika hakukasirika. Alikuja mara ya pili, akamgusa, akamwambia ale tena, kwa sababu safari iliyo mbele ni ndefu kupita nguvu zake. Ndipo akaondoka, akaenda siku 40 mchana na usiku mpaka Horebu, mlima wa Mungu. Huko aliingia pangoni, na yaliyompata pangoni ni habari ya juma lijalo, Mungu akipenda. Someni mbele, kuanzia mstari wa 9 mpaka 18. Yule msichana wa darasa la kipaimara sasa ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Ameniletea swali lingine, juu ya upepo na tetemeko, nami bado nalitafuta jibu lake.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu, uliyemwona mtumishi wako chini ya mti mmoja jangwani, uwaone usiku huu wote waliolala bila kula na wote waliokula bila kulala. Uwatumie mtu wa kubisha hodi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.